Kochi la Kilima cha Tatu

Jumatano, 3 Septemba

Shemeji ametangaza vita. Ameingia karakanani kwangu na viatu vipya vya kupandia milima, soli kama tairi za trekta. Anasema Jumamosi anampeleka mama yake, yaani mama mkwe wangu, kwenye hifadhi ya vilima. Watapanda polepole, kwa utaratibu. Shemeji ni mwalimu wa udereva. Hata kupiga miayo anaangalia kwanza nyuma.

Mama mkwe alizaliwa kwenye bonde lililo nyuma ya kilima cha tatu, na bonde hilo halionekani mpaka usimame juu kabisa. Mwezi ujao daktari anampasua goti. Mama amegoma kupasuliwa kabla hajaliona bonde lake. Goti lenyewe linamfikisha sokoni na kumrudisha, basi. Shemeji atampandishaje huko, kwa honi?

Nimemwambia mama nampandisha mimi. Miaka yote tangu nimwoe binti yake hajawahi kuniita mwanangu. Ananiita fundi. Siku ya harusi alimwambia mpiga picha amsogeze fundi pembeni kidogo. Safari hii ataniita.

Alhamisi, 4 Septemba

Akili imenijia nikipiga mswaki. Machela, lakini ya heshima: kochi la mtu mmoja juu ya miti miwili mirefu. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe ndiyo iliyoniacha, hatujakubaliana mpaka leo. Ila makochi nayajua. Kuna balozi nilimtengenezea kiti, akakikalia, akasahau nchi iliyomtuma.

Mke wangu kachungulia, kauliza mbona springi nyingi hivyo. Nikamwambia njia ina mawe. Akauliza kama kuna mtu amelijaribu likiwa linabebwa. Nikamuuliza anibebe nani. Akasema ndivyo alivyodhani, akaenda zake.

Ijumaa, 5 Septemba

Shemeji kaja kunicheka. Kacheka mpaka kaishiwa nguvu, akajitupa kwenye kochi. Akapapasa velveti, akauliza naipata wapi. Nimemshinda kwa makalio yake mwenyewe.

Tatizo ni moja: machela inataka wabebaji wawili. Nikamwomba. Kakubali kwa sharti kwamba yeye akae nyuma, na mimi wa mbele nifuate maelekezo kama mwanafunzi wake. Nimemeza. Ni mama yake, na sina mtu mwingine mwenye mabega.

Jumamosi, 6 Septemba

Getini askari wa hifadhi katuzuia. Nikamsomea ubao wake mwenyewe: umekataza mbwa, baiskeli na moto. Kochi halikutajwa. Kausoma mara mbili, akafungua.

Mama kalizunguka kochi, akasema linafanana na kiti cha mtu anayekaribia kupinduliwa. Akakaa hivyo hivyo, mkoba mapajani.

Kilima cha kwanza kilikuwa sherehe. Watu waliokuwa wakipumzika walitupiga picha, mama akawapungia mkono. Kilima cha pili ndipo shemeji alipoanza. Punguza mwendo, fundi. Shika upande wako. Tazama mbele, usitazame ndege. Njia ikapinda kushoto, akasema hatukati kona bila ishara. Nikamuuliza ishara tunampa nani, hata mbuzi hayupo. Akasema wanafunzi wake wote wanaofeli huongea vivyo hivyo.

Mimi si mtu wa kuitwa mfeli mbele ya mama mkwe. Nikanyoosha mkono wa kushoto, sawasawa, kama inavyotakiwa.

Mkono huo ndio uliokuwa umeshika mti wa machela.

Springi zilifanya kazi yake. Nasema kama fundi: zilifanya kuliko nilivyotegemea. Mama aliondoka kitini akiwa bado ameketi, akatua kwenye nyasi ndefu akiwa bado ameketi, mkoba hajauachia. Kochi likashika njia yake, likateremka kilima kizima bila ishara yoyote.

Mama akainuka. Akakung'uta gauni, akaanza kupanda. Shemeji akamkimbilia na habari za goti, akaulizwa goti ni la nani. Alipanda kwa hasira. Kila alipokumbuka tusi jipya alisimama, akageuka, akanitupia lote, kisha akaendelea. Kwa mapumziko hayo akakimaliza kilima cha pili, na cha tatu akakipanda mpaka juu.

Kule juu akanyoosha kidole, akatuonyesha mlango wa kwao ulipokuwa, na dirisha alilotumia kumchungulia baba yake akirudi. Mimi niliona nyasi tu. Nikasema mlango ulikuwa mzuri, Mama. Shemeji akajifuta macho, akasema ni vumbi. Mimi nililia bila kulisingizia vumbi.

Kisha mama, macho yakiwa bado bondeni, akasema, "Mwanangu, ukinisogezea kochi tena, nakusukuma humu."

Mwanangu. Kaniita. Hayo mengine ni mapambo. Shemeji anadai alikuwa akiambiwa yeye. Shemeji ana kochi gani?

Askari akaja kutuchukua na gari. Kumbe upande wa pili kuna barabara mpaka juu. Mwalimu wa udereva hakuijua. Nimemkumbusha njia nzima.

Jumapili, 7 Septemba

Goti la mama limevimba, lakini daktari amesema halikuharibika zaidi ya lilivyokuwa, na mama amekubali kupasuliwa. Mke wangu anasema kochi halikumfikisha mama popote, hasira ndiyo iliyompandisha. Sawa. Na hasira hiyo alipewa na nani? Shemeji alikuwa na viatu tu.

Jumatatu, 8 Septemba

Mama kamwambia binti yake kwamba akipona goti angependa kukaa kwenye ziwa la hifadhi, katikati ya maji, atazame ndege kwa utulivu. Peke yake, alisisitiza. Mke wangu kanisimulia huku akinionya kwa kidole.

Nimeshaanza kupima mbao. Wanaosema mimi sijifunzi waje waone: safari hii springi siweki hata moja. Kochi zima nalijaza sponji, kuanzia chini mpaka mgongoni, tena sponji nene ya daraja la kwanza. Hakuna kitu chepesi kama sponji. Majini litazamaje?