Klachi Mpya na Mti wa Tambi wa Mama Mkwe

Jumatatu, 19 Julai

Klachi imekufa. Imekufa jana baada ya misa, kwenye mlima wa kanisani, mbele ya baa, watu wote wakiwa nje na kahawa zao. Aibu iliyoje!

Nilikuwa nimelisimamisha gari kwa mtindo wa ukoo wetu. Klachi nusu, mafuta kidogo, gari linatulia mlimani bila breki yoyote, na mimi mkono mmoja dirishani nasalimia. Marehemu baba alifanya hivyo maisha yake yote. Hendibreki, alisema, ni ya madereva wa mabasi. Basi nasalimia, nasalimia, mara harufu. Kisha injini inanguruma na gari haliendi. Nikaliachia liteleze kinyumenyume hadi nyumbani nikitabasamu, kana kwamba ndivyo nilivyopanga. Nadhani hakuna aliyegundua.

Jumapili ijayo ni sikukuu ya Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa madereva. Magari yote ya zamani ya mji wetu wa Montefosco yatapanda kanisani kubarikiwa, na la mbele hubeba picha ya mtakatifu kwenye boneti. La mbele ni letu tangu enzi za baba. Likishindwa kutembea, picha inakwenda kwa gari la pili, la Ottavio, kaka yake mke wangu. Ottavio, mtu anayesugua rimu kwa mswaki! Afadhali nizikwe.

Kwa fundi Ermes siendi. Anacheza karata na Ottavio kila jioni. Ukimwambia Ermes siri, ni sawa na kuigongea kengele ya kanisa. Nitabadilisha klachi mwenyewe, kimyakimya. Nives, mke wangu, ameniuliza niliwahi kubadilisha nini mwenyewe. Nimemkumbusha balbu ya bafuni. Amenikumbusha fundi umeme aliyekuja baadaye.

Jumanne, 20 Julai

Nimekwenda mji wa jirani kununua vipuri, kwa basi, miwani ya jua usoni. Dereva alivuta hendibreki kila kituo. Nilimhurumia. Muuza vipuri akaniuliza kama klachi ni ya lile gari la Montefosco lililorudi kinyumenyume Jumapili. Nikasema ni ya rafiki yangu. Akasema basi nimpe pole huyo rafiki.

Mchana, hatua ya pili. Gari lazima lifike kwenye banda la mama mkwe Argia, chini ya mlima, mtu asijue. Nikaliachia liteleze, injini imezimwa. Ottavio alikuwa mlangoni kwake akimwagilia maua. Akapaza sauti: shemeji, mbona injini leo kimya hivyo? Nikajibu, huku nikipita, kwamba gari likitunzwa vizuri halisikiki. Akajimwagia maji viatuni. Ushindi!

Jumatano, 21 Julai

Giaboksi, ambayo lazima ishuke ili klachi ifikiwe, ni nzito kuliko kinavyosema kitabu cha ufundi. Nives alishika upande mmoja, mimi mwingine. Nilimwambia ashushe polepole. Yeye anadai nilimwambia aachie. Imeangukia gunia la unga wa mama mkwe, kwa hiyo haijaumia hata kidogo. Gunia limepasuka. Banda lote jeupe, Nives mweupe, mimi mweupe. Nives ameondoka akisema kwamba mama yake alimwonya mapema, na kwamba kabla yangu alikuwa na mchumba mwenye duka la viatu.

Sahani ya klachi ya zamani nimeitoa. Imeungua mpaka imekuwa kama mkate uliosahaulika jikoni. Bila shaka ilikuwa mbovu tangu kiwandani. Ni kweli imedumu miaka thelathini, lakini mtu haachi kushuku.

Alhamisi, 22 Julai

Tatizo. Sahani mpya lazima ikae katikati kabisa, la sivyo giaboksi hairudi. Mafundi wana kifaa chake, kijiti kinachopita kwenye tundu la sahani na kuishikilia wakati unakaza nati. Ermes anacho. Ermes haombwi.

Nimejaribu mpini wa ufagio: mwembamba. Mguu wa kiti: mnene. Kisha nikauona. Umetundikwa jikoni kwa mama mkwe, mrefu, umenyooka, laini kwa kazi ya miaka mingi. Mti wake wa kusukumia tambi! Ulikuwa wa mama yake. Hapa kwetu mtu anaweza kukuazima gari, hata mume ikibidi, lakini mti wa tambi hauazimwi.

Sikuazima. Nilichukua. Ncha ilizidi tundu kidogo tu, nikaichonga kwa kisu. Kidogo tena. Ikaingia kama imezaliwa humo! Sahani ikakaa katikati, nati zikakazwa. Nimeurudisha ukutani, ncha iliyochongwa juu, nimeifunika kwa kitambaa cha jikoni. Baba angejivunia.

Ijumaa, 23 Julai

Giaboksi imerudi mahali pake. Nives hakuja, nimeisukuma mwenyewe kwa jeki, magoti na matusi. Nikawasha injini. Nikakanyaga klachi. Nikaingiza gia ya kwanza.

Kelele! Paka wa mama mkwe hajaonekana tangu wakati huo.

Nimefungua tena kila kitu. Sahani ina tumbo upande mmoja, na tumbo hilo hutazama giaboksi. Mimi nilikuwa nimelielekeza kwenye injini. Kosa la muuzaji. Angeweza kusema.

Kugeuza sahani ni kuipanga upya. Kuipanga upya kunataka ule mti. Na kesho asubuhi mama mkwe anasukuma tambi za chakula cha sikukuu cha parokia nzima. Lazima niamke kabla yake.

Jumamosi, 24 Julai

Sikuamka kabla yake.

Nilimkuta tayari ameusukuma unga wa tambi, wa mayai, mezani, mpana, wa njano. Katikati ulipita mstari mweusi wa grisi. Nikatoka kwa ncha za vidole hadi bandani na kujifanya nafagia. Akaja, mti mkononi. Akauliza nani. Nikasema, kwa uchungu mwingi, kwamba nilimwona Ottavio akizungukazunguka jikoni na kisu. Ottavio alikuwa nyuma yake, kabeba trei ya mayai.

Nilitegemea kelele. Mama mkwe hakupiga kelele. Aliketi juu ya tairi, akaupapasa mti mahali nilipochonga, akasema mama yake alitoka nao mji wa Modena, kwa miguu, wakati wa vita, na vyungu waliviacha. Niliona haya kweli. Kwa dakika kadhaa.

Kisha akainuka. Akasema: "Sasa umeshauharibu, mkwe, maliza kazi yako. Mtakatifu hawezi kupanda mlima kwa miguu." Na yeye akaenda kwa Zelinda, jirani ambaye hawajasalimiana tangu ugomvi wa kuku, kumwomba mti. Zelinda alimpa, na akapita nyumba kwa nyumba kuutangaza wema wake.

Ottavio akavua saa. Alijua kila kitu tangu Jumapili. Mji mzima ulijua, harufu ilifika mpaka kwa padre. Tumefanya kazi pamoja hadi jioni, na lazima nikiri kwamba anajua kushika spana. Gia ya kwanza imeingia laini kabisa! Nilitaka kumbusu. Akaniambia picha ni yangu, hatadai chochote, ila neno moja: "Shemeji, mlimani vuta hendibreki. Nakuomba." Nimeapa mbele ya picha ya baba.

Jumapili, 25 Julai

Mimi mbele! Picha kwenye boneti, maua, bendi. Ottavio nyuma yangu, kisha wengine wote. Klachi laini kama siagi. Tukafika mlimani, msafara ukasimama, na Padre Silvano akaanza maombi kwenye ngazi za kanisa.

Tulisimama wapi? Mbele ya baa hasa.

Mkono wangu ulikwenda kwenye hendibreki. Naapa ulikwenda. Lakini wazee wote walikuwa nje, wale wale waliomwona baba, na mmoja akainua kikombe kunisalimu. Mtu hasalimiwi huku akivuta breki kama dereva wa basi. Klachi nusu, mafuta kidogo, mkono dirishani. Gari likatulia. Uzuri ulioje!

Padre Silvano mwaka huu aliwaombea pia waendesha baiskeli. Na wa trekta. Na marehemu madereva, kwa majina. Moshi ukaanza kupanda. Bibi mmoja akapiga ishara ya msalaba. Padre akamwambia mshika chetezo apunguze ubani. Chetezo kilikuwa hakijawashwa.

Gari likateleza nyuma na kugusa bampa ya Ottavio, ile ya kung'arishwa kwa mswaki. Hakupiga honi. Alinisukuma taratibu, bampa kwa bampa, hadi juu, machozi yakimtoka. Huenda ni moshi. Padre akatubariki wote wawili kwa tone moja la maji.

Nimeongoza. Waseme watakavyo, nilikuwa mbele. Mezani, mama mkwe aliwagawia watu wote tambi. Mimi nilipata mkate.

Jumatatu, 26 Julai

Ni wazi kwamba klachi ile ya pili nayo ilikuwa mbovu. Siku hizi hawatengenezi vitu vya kudumu. Nitanunua nyingine.

Nives ameniamuru nimpelekee mama yake mti mpya wa tambi. Nimeuchukua kwa seremala leo, mti wa mpea, mgumu, umenyooka sana. Mama mkwe aliupokea kwa mikono miwili, akaubusu, akaniita mwanangu. Nilikaribia kulia.

Nimeupima ncha alipogeuka kutafuta msumari wa kuutundikia. Umezidi tundu la sahani kidogo tu.