Kikombe cha Wageni

Alhamisi, 3 Julai

Nimefika! Nyumba ni ileile. Mlango bado unakwaruza sakafu, na bado lazima uuinue kidogo ndipo ufunguke. Nimeuinua bila kufikiri. Mkono umekumbuka wenyewe.

Mpango ulikuwa safi. Nimeufanyia mazoezi safari nzima ndegeni: nikimwona Mama tu, namwambia nimerudi. Basi. Nimerudi, siendi tena popote. Kumbe jirani yetu Mama Duka alishawahi, kasimama katikati ya sebule, mikono kiunoni. Mama hajamaliza kunikumbatia, Mama Duka akauliza, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, kama nimekuja kutembea. Majirani wamejaa mlangoni wanatazama viatu vyangu. Viatu vipya! Ningewaambiaje hao kwamba hoteli niliyofanyia kazi ughaibuni imefungwa, na kwamba hata isingefungwa nilishachoka kuongea na ukuta? Hapa wote wanajua mimi ni meneja. Mdomo ukajibu wenyewe. Ndiyo, nimekuja kutembea. Wiki moja tu, kazini wananisubiri.

Mama akaniachia. Akasema, "Karibu mgeni."

Mgeni! Mimi niliyezaliwa chumba cha nyuma!

Akachukua ufunguo, akafungua kabati la vioo, akatoa kikombe chenye ukingo wa dhahabu. Vile ni vikombe vya daktari na mwalimu mkuu. Utotoni nilichapwa kwa kuvipumulia tu. Huko jikoni kakaa Fundi cherehani, mpangaji aliyepewa chumba changu, anakunywa chai kwenye kikombe changu cha bati. Kile cha buluu, nilichokibandua rangi mdomoni kwa meno yangu mwenyewe. Anapiga mafunda kabisa. Nimemchukia papo hapo.

Na Mama hajaniita Kichwangumu kama zamani, hata mara moja. Ananiita "baba". Nimepewa kitanda chake na shuka mpya, yeye analalia godoro sebuleni. Nimekataa. Kakataa kukataliwa.

Ijumaa, 4 Julai

Mpango mpya. Akinigombeza tu, ugeni umekwisha. Mtu hagombezi mgeni. Nikishagombezwa vizuri, hilo la kurudi nitalisema kwa raha zangu.

Watu hawajui kugombezwa ni kitu gani hadi kikosekane. Siku nilipoondoka, maneno ya mwisho ya Mama mlangoni yalikuwa kwamba nimeacha tena taulo bichi kitandani, na kwamba huko niendako nitaoza mgongo. Kule ugenini niliheshimiwa. Heshima tupu! Unaugua, unalala, unapona, hakuna hata mmoja wa kukuambia mjinga wewe, nani alikutuma kutoka bila sweta. Kuna siku nilikuwa natupa taulo bichi kitandani makusudi, halafu nakaa kwenye kiti nasikiliza. Kimya. Nalianika mwenyewe.

Basi, leo nimeanza na vyombo. Nimedamka, nimeweka beseni, nimeosha vibaya kwa makusudi, sahani zina mafuta kama zilivyokuwa. Mama akatokea akanipokonya sponji. Akasema taratibu nitaharibu mikono, sijazoea kazi hizi. Sijazoea! Nimeosha sahani za hoteli nzima hadi kucha zikawa laini! Lakini meneja haoshi sahani, kwa hiyo nikameza.

Fundi akapita, kaacha bomba linatiririka. Lo! Mama alimshukia kama mvua. Macho huna? Maji ya babako? Utakua lini? Fundi akacheka tu, akafunga bomba. Hajui alichonacho yule. Nimekosa hamu ya chai.

Jumamosi, 5 Julai

Matope. Nimengoja apige deki, nikatoka nje, nikakanyaga dimbwi la bombani kwa viatu vyote viwili, nikaingia sebuleni hadi kwenye zulia. Nikasimama pale, kifua mbele. Nipige, Mama.

Akasema, "Pole baba, umeteleza?" Akapiga magoti akanifuta kiatu.

Mama yangu. Kwa magoti yake yale yanayolia akiinama. Nimejiona takataka. Na Fundi, aliyedondosha vipande vya nyuzi tu, kafokewa hadi mlangoni.

Jumapili, 6 Julai

Kufa kupona. Nimevunja kikombe cha wageni.

Mara ya kwanza kiliangukia mkekani, kikabiringika kikatulia, hakina hata ufa. Nikakiokota nikakiangusha tena, safari hii kwenye saruji. Paa! Nikafumba macho. Mama akaja mbio, akanishika vidole kimoja kimoja akitafuta damu. Akasema kikombe kitu gani, bora uzima. Akaniletea kingine kutoka kabatini.

Baadaye nimechungulia jikoni. Ameviweka vile vipande kwenye kitambaa, anajaribu kuvilinganisha. Vikombe vile alinunuliwa na marehemu Baba. Nilikuwa najua. Nilijua na bado nikakiangusha. Nimetoka nikazunguka nyumba, sikujua pa kuweka uso.

Jumanne, 8 Julai

Nimegundua kosa liko wapi. Si vikombe vya wageni. Ni kikombe changu! Aliyeshika kikombe cha bati ndiye mwenyeji. Fundi alipokwenda kumpima mteja suruali, nikakichukua mezani, nikakifunga kwenye shati, nikakificha chini kabisa ya sanduku langu. Sanduku bado liko palepale karibu na mlango, sijatoa nguo. Ningetoa nguo zote, watu wangeanza kuuliza.

Jioni Fundi kanywea chai kwenye kopo la maziwa ya unga. Ladha ya ushindi! Mama kamfokea kwa kupoteza vitu, Fundi akaapa kwamba hajapoteza. Hata wizi wangu umemnufaisha yeye.

Jumatano, 9 Julai

Nimekamatwa. Nilimkuta Mama amechuchumaa mbele ya sanduku, kalifungua. Alikuwa anapanga karanga alizonikaangia, za njiani. Mfuko mkubwa, umefungwa mara mbili ili usivuje mafuta. Mkono wa pili ulikuwa umeshika kikombe.

Nikasema moyoni, haya sasa! Mwizi! Mwongo! Kichwangumu! Njoo, Mama, njoo!

Akakitazama muda. Akapitisha kidole pale palipobanduka rangi. Akasema kumbe nilitaka kwenda nacho, ningesema tu angenipa, kwani ni changu. Akakifunga upya kwenye shati, vizuri kuliko nilivyokifunga mimi, akakizungushia karanga kisivunjike. Bati, kisivunjike! Akasema nikinywea huko, nimkumbuke.

Ilitosha kusema neno moja. Siendi. Hata mtoto mchanga analiweza.

Nikasema, "Asante, Mama."

Alhamisi, 10 Julai

Asubuhi Fundi kanivuta pembeni, tepu yake shingoni. Nilidhani anataka ugomvi kwa ajili ya kikombe, nikajikaza. Hakutaka. Kaniambia nisimfikirie Mama vibaya kwa kuwa mpole. Eti kabla sijaja Mama alimwapia yeye Fundi kwamba safari hii hatanigombeza hata nichome nyumba. Siku ile nilipoondoka alinigombeza kwa sababu ya taulo, mlango ukafungwa, na miaka yote hii taulo lile limemkaa kooni. Anadhani niliondoka nimeudhika. Anadhani ndiyo maana nilichelewa kurudi.

Nimeudhika! Maneno yale nimeyabeba kila nilipokwenda. Ndiyo niliyokuwa nayo.

Teksi ikapiga honi. Mama kasimama ukumbini, macho makavu, kajikaza kweli. Nikabeba sanduku, nikashika mlango, nikauinua kidogo, ukafunguka. Nikashindwa kupita. Nikamwambia, bila kugeuka, kwamba siendi.

Akauliza siendi leo au siendi kabisa.

Kabisa, nikasema. Nimerudi, Mama. Na hoteli? Imefungwa. Na umeneja? Hakukuwa na umeneja, nilikuwa naosha vyombo.

Nilisikia cherehani ya Fundi ikisimama huko ndani.

"We Kichwangumu!"

Jamani! Jamani, jamani! Yalimwagika. Wiki nzima kalala sakafuni kwa ajili yangu, mbavu zinamuuma! Zulia lake! Kikombe cha mume wake! Karanga zake kakaanga hadi kidole kikaungua, za nini, nile mimi barazani? Na taulo, lile taulo, anataka kujua kama huko ughaibuni walinifundisha kuanika! Mwosha vyombo gani anayeacha sahani na mafuta? Alikuwa anafoka na analia, ananipiga begani kwa mfuko wa karanga, na mimi nalia na kucheka, naitikia ndiyo Mama, ndiyo Mama. Dereva wa teksi alishuka, akatutazama, akaondoka zake.

Nimeosha vyombo vyote. Akavikagua, akanirudishia sufuria mbili. Chai nimenywea kwenye kikombe cha bati. Fundi kabaki na kopo lake, wala hakununa. Nimetoa nguo zote sandukuni. Mama kachukua kitanda chake. Sijawahi kuwa na siku kama hii.

Ijumaa, 11 Julai

Asubuhi nimegombezwa mara tatu kabla ya chai. Raha mustarehe. Nikatumwa nifagie barazani, nikafagia huku napiga mluzi.

Mama Duka akapita. Akasimama. Akanitazama, akatazama ufagio, akauliza vipi, bado upo? Si ulisema wiki moja? Nyuma yake wameshasimama wengine wawili. Mama alikuwa dirishani anakung'uta mashuka, nilimwona kwa pembe ya jicho. Ilikuwa nafasi ya dhahabu. Nikavuta pumzi. Nikafungua mdomo.

Nikasema wameniongezea likizo kidogo.

Yametoka wapi? Sijui! Tena nikaongeza kwamba nafagia kwa ajili ya mazoezi ya mgongo, daktari wa kule kashauri. Mama Duka akasema meneja bwana, mna raha nyie. Dirishani shuka liliacha kukung'utwa.

Nimeingia ndani. Kikombe cha bati kilikuwa mkononi mwa Fundi. Mama kafungua kabati la vioo, kwa ufunguo, bila haraka. Kanimiminia chai, ukingo wa dhahabu unang'aa, kanisogezea na kiti. Hakunitazama usoni.

"Karibu mgeni," akasema.

Nimekunywa. Haikuwa na sukari, na mgeni haombi sukari. Lakini sijakata tamaa, kichwa kinafanya kazi. Nimehesabu kupitia kioo cha kabati: pamoja na hiki, vimebaki vitano. Kesho navunja kingine.