Tindo ya Nzioka na Pijo ya Sankale

Asubuhi hiyo ya 1997, pale kwa Lucy wa chai, Kitengela, Ochola alikuwa akisoma gazeti lililofungiwa mandazi. Tunamwita Profesa kwa sababu ana miwani na hana kazi.

"Sikieni! Kufikia 2020, Kenya itakuwa nchi ya viwanda!"

"Na mimi sina hata tindo," akasema Nzioka, mhunzi wa kibanda jirani. Akatuonyesha tindo yake ya kukatia chuma moto. Mdomo ulikuwa umejikunja wote.

Mzee Sankale, mteja wake, nusura amwage chai. Sime kumi na mbili alizoagiza kwa Nzioka, za sherehe ya mwanawe na vijana wenzake, zilitakiwa Jumamosi, na ilikuwa Alhamisi; bila tindo hazikatwi.

"Nzioka! Vijana wasimame mbele ya wazee na mikono mitupu? Nitahamia Rombo, kule mpakani, na aibu!"

"Kwani hiyo tindo uliitengeneza na chuma gani?" Profesa akauliza.

"Nondo ya ujenzi. Ikishika moto inakuwa ugali."

"Si utumie tupa! Chuma ni ile ngumu!"

Nzioka akaingia kibandani, akalaza tupa kuukuu juu ya fuawe, akaigonga mara moja. Ilivunjika kama biskuti, kipande kikaruka mpaka kwa sufuria ya Lucy.

"Profesa, hiyo chai utakunywa yote!" Lucy akafoka.

"Laini inajikunja, ngumu sana inavunjika," Nzioka akasema. "Nataka ya katikati."

"Na hiyo springi ya lori?" Profesa akauliza, akionyesha chuma kilichoegemea kibanda.

"Hiyo ni bapa, ya sime. Tindo inataka ile ya kujizungusha, ya gari ndogo."

Sote tukamgeukia Sankale. Pijo yake 504 ilikuwa imeegeshwa mbele ya boma, kando ya barabara ya Isinya. Haikuwa imetembea miaka sita, lakini ilioshwa kila Jumapili, tena kwa maji ya kununua.

"Gari yangu? Wapi! Hiyo ni heshima ya boma. Afadhali nikupe ng'ombe!"

"Ng'ombe haina springi, mzee."

"Kwani Kitengela yote haiko na gari ingine?"

"Ziko mingi. Lakini hizo zinatembea."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Sankale hakucheka. Aliishika ile tindo, akaigeuzageuza, na nikamwonea huruma, maana mtoto ni mmoja na Jumamosi ni moja.

"Toa springi moja," akasema polepole. "Ya nyuma."

"Si gari italala upande?" Profesa akauliza.

"Wacha ilale. Wenye kupita watasema Sankale amebeba mzigo."