Nereah na Msumari wa Edeni Mpya

Sogeeni, enyi wapangaji wa Kawangware na Riruta, nyinyi mnaolipa kodi mapema na nyinyi mnaozima simu mwezi unapoandama. Tueni ndoo zenu, punguzeni moto wa jiko, mkalie chochote kinachokalika, msikie jinsi Nereah binti Aketch, muuza samaki wa kukaanga, Asiyeogopa Mafuta ya Moto, alivyosimama peke yake mbele ya enzi ya wenye nyumba akauinua mkono wake na kupigilia msumari ukutani. Msumari mmoja. Wapo watu waliochongewa sanamu kwa makuu madogo kuliko hayo.

Hapo awali Nereah, mumewe Obiero na binti yao Daisy walikaa Mashimoni, kule Kibera, katika chumba cha udongo na mabati ambacho ukuta wake uliupokea msumari kwa upole, kama mwenyeji anayempokea mgeni wa kawaida. Kisha mwenye chumba kile, kwa hekima ambayo Mola huwajalia wenye vyumba pekee, akaupaka mlango rangi ya samawati. Na kwa kuwa mlango wa samawati humletea mpangaji usingizi wa kifahari, akapandisha kodi. Mwaka uliofuata akamwaga kokoto kizingitini, akapandisha tena. Majirani wa mbali walipovutiwa bomba la maji, akapandisha kwa heshima ya ujirani na bomba. Hata ikafika siku bei ya udongo ikawa inapumuliana na bei ya mawe, na Nereah akatamka mbele ya mumewe: "Baba Daisy, kama ni kulia tutalia tu. Lakini mimi nataka nilie kwa simiti."

Wakapakia kitanda juu ya mkokoteni, wakaivuka Barabara ya Ngong kama taifa linalohama, wakatua Kawangware katika ghorofa iitwayo Edeni Mpya. Lo, Edeni hiyo! Chumba kimoja chenye rangi ya maziwa, na vigae vilivyotandazwa pale tu mgeni anaposimama akionyeshwa nyumba. Kuta zake zilisifiwa kuwa jiwe tupu. Na kwenye lango, kwa herufi nyekundu, iliandikwa amri ya pekee iliyotolewa katika bustani ile: MSUMARI NI MARUFUKU. Mwenye nyumba hakuna mpangaji aliyewahi kumwona uso. Alikuwa sauti tu ndani ya simu ya Githinji, keateka wa ploti, yaani msimamizi wa jengo, Mlinzi wa Kuta, mtu mwenye funguo nyingi kiunoni na milango michache ya kuzitumia.

Sasa Daisy alikuwa amefika kidato cha pili, na chumba hakikukua pamoja naye. Kila asubuhi alivaa sare chini ya blanketi, akihangaika kama mtu anayesimamisha hema katikati ya upepo, huku Obiero, baba mwenye adabu, ameugeukia ukuta na kuusoma kwa makini kana kwamba umeandikwa matokeo ya mpira. Baadaye msichana akaanza kuibeba sare yake kwenye mfuko na kwenda kuivalia katika choo cha chini, kile cha wapangaji wote. Asubuhi moja sketi ikamponyoka ikaangukia majini. Akaikamua, akaivaa, akapanda kuchukua mkoba. Nereah akaliona pindo likidondosha maji juu ya vile vigae vya wageni, akamtazama binti usoni, na binti akatazama pembeni. Hapo ndipo vita vilipotangazwa, ingawa hakuna tarumbeta iliyopulizwa.

Nereah akanunua pazia la mtumba lenye maua mekundu, pana la kutosha kukigawa chumba. Kamba yake upande mmoja ingefungwa kwenye nondo za dirisha. Upande wa pili ulidai msumari. Akashuka, kama ilivyo desturi ya mashujaa waungwana, kuomba kwanza kwa maneno.

"Mama Daisy," akajibu Githinji, akikitoa kifua mbele na funguo zikimlilia kiunoni, "ukuta wa Edeni si ukuta wa Kibera. Huu umepigwa plasta, ukapigwa rangi, ukapigwa na rangi ingine juu. Nikikubali msumari wako leo, kesho ni wa Kageha jirani yako, kesho kutwa ploti nzima inakuwa chujio. Mwenye nyumba ataniuliza, 'Githinji, ukuta wangu uko wapi?' Nitamjibu nini mimi? Tumia gundi."

Akatumia gundi. Kulabu ya gundi ilishikilia tangu maji ya ugali yalipochemka mpaka ugali ulipoiva. Kisha ikajiuzulu, na pazia lote, maua yake yote, likalala ndani ya sufuria.

Jumamosi alasiri, Daisy akiwa mazoezini na kwaya ya kanisa, Nereah akasimama katikati ya chumba. Mkono wa kushoto, msumari. Mkono wa kulia, kwa kuwa nyundo hawakuwa nayo, jiwe lile analopondea vitunguu saumu. Ewe jiwe lenye harufu kali, uliyevunja tangawizi za Kibera na pilipili za Kawangware, ongoza mkono wake!

Obiero akainuka kutoa hotuba ya kumtuma askari vitani. "Mama Daisy, mimi ni mwanaume wa kutoka ziwani. Babu zangu hawakukimbia kiboko, sembuse keateka. Piga! Mimi niko nyuma yako." Na kweli akawa nyuma yake, tena nyuma ya kabati, mahali ambako hata mlango haukuonekana.

Pigo la kwanza likarusha kipande cha rangi ya maziwa. Chini yake ikaonekana rangi ya kijani, na chini ya kijani, ya waridi, kila moja kumbukumbu ya kodi iliyopandishwa. Pigo la pili likatikisa ghorofa. Nereah akakusanya nguvu zake zote kwa ajili ya jiwe tupu lililosifiwa, akashusha pigo la tatu, na msumari ukazama kama kidole kwenye uji. Ukuta ukaumeza, ukabakiza kichwa tu.

Upande wa pili ukapaa ukelele.

"Mama Daisy!" Ilikuwa sauti ya Kageha, jirani yake, fundi wa kusuka nywele. "Msumari wako umekuja kunitembelea! Umetokea hapa karibu na sikio langu!"

"Pole, dadangu! Umekuumiza?"

Kageha akapima faida kwanza. "Hapana. Lakini usiurudishe. Nimeshatundika kioo."

Nereah akaifunga kamba kwenye kichwa cha msumari, akalitandaza pazia. Ngazi zikanguruma. Githinji alikuwa anapanda, funguo zake zikipiga kelele kama farasi wa jeshi, na mlangoni akasimama akihema. Alikuwa ameishika simu mbele yake kama ngao, na ndani ya simu alikuwamo mwenye nyumba mwenyewe, sauti imefunguliwa wote wasikie. Kageha akaja, wapangaji wengine wakaja na watoto mgongoni, baraza ikajaa.

"Mwenye nyumba, nimemfumania," akatangaza Githinji. "Kuna msumari. Umeingia kwa Mama Daisy, ukatokea kwa Kageha. Na kuna pazia. Amekigawa chumba katikati."

"Amekigawa?" Sauti ikatulia, na wote wakasikia sauti ile ikitabasamu. "Basi hicho si chumba kimoja tena. Hicho ni chumba na sebule. Kuanzia mwezi ujao walipe kodi ya vyumba viwili."

Nereah akamwona tayari Daisy akirudishwa Mashimoni, wote watatu juu ya mkokoteni, na pazia juu ya kitanda. Kwa kitambo akataka kuung'oa msumari kwa meno yake na kuomba radhi. Lakini akaikumbuka sketi, na midomo yake ikafunguka kabla hofu haijaamua.

"Asante sana, mwenye nyumba," akasema, jiwe bado likiwa mkononi. "Umesema mbele ya watu, na sisi tumekubali. Ni vyumba viwili. Sasa hicho cha pili hakina taa, hakina dirisha, hakina mlango. Tutalipaje chumba ambacho hakina mlango? Fundi aje Jumatatu. Akuje na mlango wa mbao, dirisha la kioo, na swichi. Na vigae, tafadhali, vifike mpaka kwa kitanda. Msichana wangu atafurahi sana."

Kageha akaipokea hotuba kama askari anayepokea bendera. "Hata mimi! Niko na pazia na kabati, kwangu ni vyumba vitatu! Niletewe milango!"

"Na kwetu!" wakaitikia kutoka ngazini. "Sisi tumening'iniza shuka! Tunataka madirisha!"

Githinji akaisogeza simu sikioni, kisha akaiondoa haraka, kwa kuwa sauti ile ilikuwa imeacha kutabasamu.

"Hicho ni chumba kimoja!" ikafoka. "Kimoja! Kitambaa kwa kamba si ukuta! Pazia haligawi chochote! Githinji, usiwahi kunipigia tena juu ya mambo ya misumari!" Na mtandao, kwa rehema zake, ukakatika.

Wapangaji wakashangilia, wakarudi kwenye sufuria zao. Obiero akatoka nyuma ya kabati, akawapa wote mkono kama aliyeshinda. Githinji alibaki mlangoni, ameishika simu yake iliyonyamaza. Akalitazama pazia, akakohoa.

"Kamba imelegea, Mama Daisy. Hivi litaburura chini." Akaingia, akaifungua pale dirishani, akaikaza, akaifunga upya. "Na mimi niko na wasichana wangu kule Limuru," akasema, kisha akashuka ngazi polepole, huku amezishika funguo zake zisilie.

Daisy aliporudi aliligusa ua moja jekundu, akaingia nyuma ya pazia na kulivuta nyuma yake. Obiero akakaa kitini akiitazama dunia nzima, maana hakuwa na sababu tena ya kuusoma ukuta. Muda ukapita. Nereah akamaliza kuwapaka samaki chumvi, akakumbuka kwamba unga uko upande ule, akaushika ukingo wa pazia.

"Mama," ikatoka sauti, "piga hodi kwanza."

Obiero akacheka. Nereah hakucheka. Akaliachia pazia, akajifuta mikono kwenye leso, akajiweka sawa.

"Hodi," akasema.

"Bado."

Basi itangazwe kote, mabonde kwa milima: mwaka ule kodi ilipanda Kibera, ikapanda Kawangware, na Edeni Mpya ikapakwa rangi nyingine ya maziwa kwa ajili ya kuipandisha zaidi. Lakini Jumamosi ile, katika chumba kilichothibitishwa na mwenye nyumba mwenyewe kuwa ni kimoja, Nereah Asiyeogopa Mafuta ya Moto alisimama mbele ya mlango wa kitambaa, ndani ya nyumba anayoilipia, akisubiri kukaribishwa. Na hakuwa na haraka yoyote.