Taarifa ya Mwenyekiti Kuhusu Joto Ndani ya Karavani ya Bibi Bernice

Mheshimiwa Meya wetu wa Arnholt, ambaye kwa sasa yuko Arizona anaota jua mpaka barafu yetu iishe, Mheshimiwa Kaimu Meya, ambaye ni mimi, Mwenyekiti wa Kamati ya Shindano la Kuvua Samaki kwenye Barafu, ambaye, msinitafute kwingine, ni mimi pia, wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kuta, Kamati Ndogo ya Madirisha na Kamati Ndogo ya Sakafu, popote mlipo, Mchungaji Sveinson, kina mama wa jikoni ambao harufu ya piroge zenu, hizo sambusa za kuchemsha zenye viazi, imeanza kuniingilia hotuba, na wewe, Bibi Bernice Delorme, dereva mstaafu wa basi la shule, uliyetupeleka shule nusu ya watu wa ukumbi huu na nusu nyingine ukawashusha njiani kwa utundu wao: kama kuna mtu sijamtaja, ajihesabu ametajwa na akae. (Makofi. Mtu anapenga kamasi.)

Ndugu wananchi, leo ni Alhamisi, saa nane mchana, nje kuna baridi ya nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri, magari yenu yote yamechomekwa kwenye umeme ili injini zisigande, na mimi, Garnet Thorvaldson, nimesimama mbele yenu bila kofia, jambo ambalo naomba liandikwe kwenye muhtasari. (Sauti: "Uko ndani, Garnet!") Ndani, ndiyo, lakini karibu na mlango.

Suala lililotuleta mnalijua. Jumamosi ni shindano. Bibi Bernice anataka kulala ziwani kwenye karavani yake ya futi kumi na tatu, kijumba cha magurudumu, ile aliyoachiwa na marehemu Lloyd, waliyoikokota juu ya barafu pamoja kwa miaka ishirini na sita. Mwaka jana hakwenda, maana baridi ilikuwa inaingia humo bila kupiga hodi. Na binti yake wa Winnipeg ametamka kwamba kesho Ijumaa anakuja kuikagua mwenyewe, na akikuta kuta ni bati tupu kama zamani, anachukua ufunguo, anamchukua na mama, wanakwenda kuishi ghorofani. (Bibi Bernice: "Ghorofa ya tisa! Nitavulia wapi, kwenye sinki?" Kicheko kirefu.)

Hutavulia kwenye sinki, Bibi, maana ni kwa ajili hiyohiyo kwamba mwezi Juni ulitukabidhi ufunguo, nasi tukabuni Mradi Jumuishi wa Udhibiti wa Upotevu wa Joto katika Makazi Yanayokokotwa, mradi ambao mikoa mingine wanauonea wivu, na nasikia kule Saskatchewan kuna mtu alilia. (Sauti: "Kwa kicheko!") Mara moja tukaingia kwenye mchakato. Tukaandaa mpango mkakati. Tukafanya semina elekezi ya siku mbili, ambapo wadau walijengewa uwezo na kula nyama ya kuku. Kisha mimi mwenyewe, kwa miguu yangu, niliongoza upembuzi yakinifu mnamo tarehe kumi na tisa Julai, karavani ikiwa imeegeshwa juani, na kipimo kikaonyesha kwamba ndani mlikuwa na joto la nyuzi thelathini na tisa, kiasi kwamba katibu alizimia, na kamati kwa kauli moja ikaona hakuna haja ya papara. (Mtu anasema, "Julai?") Julai, bwana, mwezi halali kabisa, uko kwenye kalenda.

Na msinifundishe baridi! Mwaka wa themanini na tisa nililala ziwa hilihili, baridi ya nyuzi hamsini na tatu, ndani ya karavani yenye tundu la kupita paka. Nilifungua mlango nikamwaga chai, ikaganda hewani kabla ya kugusa chini, ikasimama imara kama mti, nikamfunga mbwa hapo mpaka asubuhi. (Bwana Orest Hryciuk, fundi wa mabanda, kutoka nyuma: "Ulilala kwa dada yako, wee! Mimi ndiye niliyekupeleka!") Nilipumzika kwa dada, Orest, baada ya kulala ziwani. Tofautisha kulala na kupumzika.

Sasa takwimu. Asilimia tisini na nne ya joto la karavani hupotea. Asilimia sita iliyobaki nayo hupotea, ila polepole. Kwa hiyo mradi wetu umelenga kuweka kwenye kuta, dari na sakafu yale mabamba ya povu gumu, jamaa ya lile jeupe linalokuja limeizunguka televisheni mpya; madirishani utando wa plastiki unaokazwa kwa mashine ya kukaushia nywele, kama mnavyofanya majumbani kwenu kila Novemba; na kuizungushia marobota ya majani makavu ili upepo usipite chini ya tumbo lake. Kwa vipimo vyangu, mtu atalala humo amevaa kaptula, na huenda akaomba feni. (Makofi machache.)

(Bibi Bernice anasimama: "Garnet, mwanangu, nikuulize kitu kimoja tu. Hayo mabamba mmeshayaweka?")

Swali zuri sana. Limepokelewa.

("Nauliza, mmeweka?")

Limepokelewa, Bibi, na litapelekwa kwenye Kamati Ndogo ya Kuta.

(Orest: "Mama, jana nilichungulia dirisha la karavani, hapo nyuma ya ukumbi. Kuna viti vya Garnet vya plastiki vya mikutano, mpaka juu. Na panya." Zogo.)

Ndugu wananchi, tulieni! Panya ni mnyama mwenye akili. Asingekaa mahali penye baridi. Hao panya, mimi nawachukulia kama ushahidi wa kitaalamu. (Mchungaji Sveinson anainamisha uso. Mabega yake yanatikisika.) Tusonge mbele kwa kaulimbiu, mnifuate kwa nguvu: Baridi! (Watu: "Nje!") Joto! (Watu: "Ndani!") Mradi! (Watu: "Wapi?") Hapana, hapo mnasema "Oyee."

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mtengenezaji wa mabamba, ambaye tutamwandikia barua. Nawashukuru mafundi, watakaoteuliwa. Naishukuru Kamati Ndogo ya Kuta, ambayo itakutana mara ya kwanza pindi wajumbe wake wakipatikana. (Bibi Bernice anavaa koti. Anafunga vifungo kimoja kimoja, akielekea mlangoni.) Bibi, usiondoke, bado namshukuru...

(Orest anasimama: "Mabamba kumi na mawili ninayo gereji, yalibaki kwenye banda la kuku. Nani ana misumeno?" Sauti: "Mimi!" Nyingine: "Marobota ninayo, nipeni trekta!" Mama mmoja anatoka jikoni na mashine ya kukaushia nywele, unga bado uko mikononi. Viti vinasukumwa.)

Ndugu wananchi, hotuba haijaisha.

(Bibi Bernice, mlangoni: "Sikilizeni! Msizibe kila kitu! Acheni tundu la hewa darini. Lloyd aliwahi kuziba yote, pumzi zetu zikaganda ukutani, asubuhi tukaamka kunanyesha ndani! Na mabomba yasiwe na maji hata tone, yakiganda yatapasuka!" Watu: "Ndiyo, mama!" Wanatoka. Baridi inaingia ukumbini kama moshi mweupe. Amebaki Mchungaji, na piroge.)

Basi, Mchungaji, kwa niaba ya wote waliokuwepo. Nawashukuru kwa kuhudhuria uzinduzi wa mradi huu mkubwa, ambao, nikisema kweli kwa kuwa wewe ndiwe uliyebaki, mpaka dakika tano zilizopita haukuwepo kabisa. Ulikuwa ni mimi na viti. Lakini sasa upo, unasikika nje unapigwa nyundo, na binti akija kesho atakuta...

(Kutoka nje, sauti ya Bibi Bernice: "Garnet! Acha kuhutubia viti, njoo uvitoe!")

Kamati inakuja, Bibi! Mchungaji, niazime kofia.