Askari wa Pembeni na Kompyuta ya Chumba cha Tatu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Chama chetu cha Sataranji, Makamu wako, Kaimu wa Makamu wako, ndugu Mweka Hazina uliyeanza kusinzia, waheshimiwa wajumbe wa kamati kuu, kamati ndogo na kamati ya kuunda kamati, wanachama hai na wanachama mnaodaiwa ada, binti yangu muuguzi uliyenisukuma hadi hapa kwa kiti cha magurudumu, shemeji yangu uliyekaa karibu na mlango, mabibi na mabwana: kuna jambo nimelificha kwa miaka ishirini na sita, na leo, kabla utabiri wa daktari haujatimia, nitalitamka hadharani, kwa kufuata taratibu, baada ya utangulizi. (Makofi. Shemeji: "Fupisha, mzee! Utatufia kwenye utangulizi!" Kicheko.)

Mchango wa mjumbe umepokelewa. Kama mnavyokumbuka, chini ya uongozi wangu wenye maono, chama kilibuni, kikazindua na kikazindua tena Mfumo Jumuishi wa Tathmini Endelevu ya Thamani ya Askari, yaani programu ya kompyuta iliyosimikwa humu humu ukumbini, chumba cha tatu, nyuma ya mlango wenye bango la HATARI, UMEME MKUBWA, ambao ufunguo wake, kwa sababu za kiusalama, nilikuwa nao mimi peke yangu. Ujumbe baada ya ujumbe ulikuja kujifunza. Waliweka sikio mlangoni, wakasikia mngurumo, wakatikisa vichwa wakasema, naam, inafikiri. (Makofi mafupi.)

Mtu asiye na semina hudhani kwamba askari, ile kete ndogo ya mstari wa mbele, ana thamani moja tu tangu mwanzo wa mchezo hadi mwisho. Huo ni mtazamo uliopitwa na wakati. Programu za sataranji hukokotoa thamani yake upya kila kete inaposogezwa: askari wa katikati huhesabiwa zaidi ya wa pembeni, wawili wa upande mmoja wakifuatana kwenye njia moja hukatwa alama kwa kuzibiana, aliyebaki bila jirani wa kumlinda hukatwa pia, lakini yule ambaye mbele yake hakuna askari wa adui wa kumzuia hupanda thamani kila hatua, na kete kubwa zikishapungua ubaoni hupanda zaidi, mpaka akikaribia mstari wa mwisho, ambako hugeuka malkia, aweza kufikia thamani ya ngome nzima. (Shemeji: "Rudia hapo! Hapo hapo pa mwisho!" Sauti: "Mwache mzee aseme!")

Nitarudia kwa maandishi. Kitakwimu, asilimia tisini na tisa ya wanachama walieleza kuridhishwa na mfumo, na ile asilimia moja imekaa karibu na mlango. (Kicheko kirefu. Shemeji hacheki.)

Sasa nije kwenye fainali ya kombe, niliyocheza mimi na huyo shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu. Saa tisa alasiri watu wa harusi waliingia na mapambo yao wakaitaka meza yetu wawekee keki, na mchezo ukavunjika. Kanuni, ambayo niliitunga mimi nikiwa bado katibu wa chama, ilisema mchezo usiokwisha utaamuliwa na programu. Shemeji alikuwa na askari wa pembeni, amebakiza hatua mbili tu kufika mwisho. Mimi nilimzidi farasi mmoja, tena aliyekuwa mbali. Nikaingia chumba cha tatu, nikafunga mlango, nikatoka na uamuzi: askari huyo, kwa kuwa ni wa pembeni, thamani yake ni nusu, mshindi ni mimi. Kombe likanipa uenyekiti, uenyekiti ukanipa ukurugenzi, na ukurugenzi ndio ulioitundika ile picha yangu pale ukutani, mnayoiona imepinda.

Shemeji akaniambia mbele ya dada yake, "Wewe sina ugomvi nawe. Wewe ni mtu tu. Nataka hiyo kompyuta iniombe radhi." Tulicheka siku ile. Lakini tangu hapo mke wangu alipika mara mbili kila Jumapili, mchana kwa ajili ya kaka yake, jioni kwa ajili yangu, hadi siku zake zikaisha, hajatuona tena meza moja. Juzi binti yangu alimpigia simu: "Mjomba, baba hana siku nyingi. Utakuja kumzika?" Akajibu, "Kompyuta ikishaomba radhi, sepetu ya kwanza naishika mimi." (Binti: "Baba, kunywa maji kwanza.")

Nitakunywa. Askari juu! (Sauti chache: "Juu!") Tathmini? ("Endelevu!") Wa pembeni? (Hakuna anayejibu.)

Kwa kuhitimisha, nawashukuru wafadhili wa mradi, ambao hawakutoa kitu kwa kuwa hawakuombwa. Nawashukuru wataalamu waliotengeneza programu, ambao hawakuajiriwa. Na kwa namna ya pekee namshukuru fundi wa friji, aliyeudumisha mngurumo ule miaka yote. Binti yangu, shika ufunguo, fungua chumba cha tatu wajumbe waone. (Mlango unafunguliwa. Friji kuukuu, fagio mbili, kreti tupu za soda. Mweka Hazina ameamka.)

Siku ile nilisimama humo, nikafungua soda, nikaucheza mchezo wote kichwani, nikaurudia tena. Shemeji, kompyuta haiwezi kukuomba radhi, kwa sababu haikuwepo hata siku moja. Humo ndani alikuwemo mtu tu, na ndiye anayekuomba radhi. Farasi wangu asingewahi. Askari wako alikuwa anafika.