Mshale Uliojua Njia

Jumatatu, 2 Agosti 1971
Keumbu. Ukungu mpaka saa nne. Nikichimba shimo la mgomba nimeokota kichwa cha mshale! Chuma cheusi, kifupi, kizito. Nyanya Mong'ina alikipangusa, akasema ni cha baba yake. Mwaguzi alikisemea maneno, hakikosei shabaha. Nyanya alitaka kuendelea. Sikungoja. Kwa mawazo nilikuwa tayari juu ya kilima cha Manga, mawingu chini ya miguu yangu, mshale unaruka wenyewe ukiimba, na Persis ananitazama.

Persis ni binti wa jirani yetu, mzee Nyangate. Tumbili wanamaliza mahindi ya mzee. Nyamongo, ambaye naye anamtaka Persis, ameahidi kuleta mbwa wake. Mbwa!

Jumatano, 4 Agosti
Tatizo: sijui kupiga upinde. Dawa: kitabu cha historia cha shuleni kina picha ya askari wa Ulaya ya kale, upinde wake umelazwa juu ya kitako kama cha bunduki. Unavuta kamba, unainasa, unafyatua. Hata mvivu anaweza. Opondo, fundi wa magari hapa sokoni, amenipa springi ya lori iliyovunjika iwe upinde; kitako na uti wa mshale nimechonga mwenyewe. Akauliza nitalengaje. Nikamjibu kwamba mshale huu haulengwi, unatumwa. Akanitazama sana, akarudi chini ya lori.

Mchana nimesinzia kwenye shamba la chai. Nimeota napigiwa vigelegele.

Ijumaa, 6 Agosti
Walitoka wote: mzee, mkewe, Persis na kitambaa chake cheupe. Nyamongo na mbwa. Tumbili walikuwa wamejaa shambani. Nikaunong'onezea mshale: yule mkubwa. Nikafyatua.

Dunia ikanyamaza. Mshale ulipaa, ukang'aa juani, mzuri kuliko ndoto. Nilisahau hata kumtazama Persis. Ukampita tumbili. Ukapinda (naapa!), ukateremka, ukamchoma fahali wa mzee shingoni.

Fahali akavunja ua, akapita katikati ya mahindi. Kilichosazwa na tumbili sasa kimelala chini. Mzee Nyangate hakupaza sauti. "Josiah," alisema, "tumbili walikuwa wananiachia mbegu."

Mbwa wa Nyamongo ndiye aliyemrudisha fahali. Persis akampa Nyamongo uji. Kibuyu kizima.

Jumapili, 8 Agosti
Jana Sabato nilikaa nyuma kabisa kanisani. Watu waligeuka hata hivyo.

Fahali ni mzima, kidonda ni kidogo. Nyanya amecheka mpaka akashika ukuta. Kumbe ndicho alichotaka kunieleza: ni mshale wa kutoboa ng'ombe mshipa wa shingo, kukinga damu ya kunywa. Vitani haukwenda hata siku moja.

Nimekaa mlangoni nikitazama mvua ikija kutoka milimani. Miaka yote hiyo udongoni, na bado ulikumbuka kazi yake! Nani atathubutu kusema hauna nguvu? Kosa lilikuwa langu, nilichagua silaha ya kazi nyingine.

Jumatatu, 9 Agosti
Persis amepita njiani na mtungi. Akasema baba yake ananitaka kesho, nisaidie kujenga ua upya. "Na uje mikono mitupu, Josiah." Akatabasamu. Kidogo, lakini nimeona.

Nimekwenda mbio kwa Opondo. Ana kipande cha chuma kilichopigwa na radi kwao ziwani. Anasema jioni kitakuwa sime.

Sime hukaa kiunoni, si mkononi.